KUTELEZA SI KUANGUKA: MAISHA YA JOE PASS

Leo ningependa kuwasimulia maisha ya mpiga gitaa wa Marekani aliyenifunza mengi, ingawa alifariki kabla sijazaliwa.

Nilimjua kupitia santuri ya mjomba wangu. Siku ya kwanza nilidhani nasikia watu watatu wakipiga. Mjomba alinicheka! Kumbe ni mtu mmoja na gitaa lake la nyuzi sita.

Joe Pass alizaliwa tarehe 13 Januari 1929 huko New Brunswick, New Jersey, akalelewa mjini Johnstown, Pennsylvania. Jina la ukoo wao lilikuwa Passalaqua. Babake, mzaliwa wa Sicily, alifanya kazi katika kiwanda cha chuma. Joe alipopata gitaa akiwa na umri wa miaka 9, mzee hakumpa nafasi ya kulaza damu: alimfanyisha mazoezi saa nyingi kila siku. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Alipofika miaka 14, tayari alikuwa akipiga na bendi.

Lakini jamani, ujana ni moshi. Alipokwenda New York kuwafuata magwiji wa jazz, alijitosa katika heroini. Sehemu kubwa ya miaka ya 1950 ikayeyuka hivyo, mara mitaani, mara jela. Kipaji kilikuwapo, ila mwenye kipaji hakuonekana.

Mnamo 1960 hivi aliingia kituo cha Synanon, Santa Monica, akakaa zaidi ya miaka miwili. Humo humo aliwakuta wanamuziki wenzake, wakatoa santuri mwaka wa 1962. Ati hata gitaa la kwake hakuwa nalo! Msikilizaji mmoja alimhurumia, akamnunulia Gibson.

Mwaka wa 1973, akiwa na miaka 44, alirekodi santuri iitwayo Virtuoso, karibu yote akiwa peke yake. Humo mna wimbo All the Things You Are, uliotungwa na Jerome Kern mwaka wa 1939. Nyimbo nyingi hukaa katika ufunguo mmoja, kama mtu aliyetulia kwake. Huu huhamahama, hupitia funguo tano kabla ya kurudi nyumbani. Katika bendi, mwenye besi na mwenye piano hukuonyesha njia. Ukiwa pekee, ukipotea umepotea.

Pass alifanyaje? Kidole gumba kilitembeza besi kwenye nyuzi nene, vidole vingine vikaimba wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Siri ni kwamba hakupiga kila kitu kwa pamoja. Aligusa besi, akaiacha, akaijibu kwa wimbo, halafu akadokeza sauti za kati. Pengo lililobaki, sikio la msikilizaji lililijaza lenyewe. Mwenzenu nimejaribu likizo nzima, na bado sijavuka mstari wa pili!

Baadaye alipata tuzo ya Grammy pamoja na Oscar Peterson na Niels-Henning Ørsted Pedersen. Saratani ilimuua mjini Los Angeles tarehe 23 Mei 1994, akiwa na miaka 65.

Kwa nini nimewaletea habari hizi? Kijana aliyenifunza kushika gitaa mtaani kwetu ameliuza lake ili anunue dawa za kulevya. Watu wanampita kama gogo, na nakiri kwamba hata mimi nilianza kumkwepa. Lakini nikikumbuka kwamba Joe Pass alipoteza miaka kama kumi, na kazi yake kubwa ikaja baada ya hapo, naona aibu. Shule zikifungwa, nitambebea gitaa la mjomba na hiyo santuri. Huenda asitake hata kuisikiliza. Nitakwenda tu.

Wenzangu, tusiyaguse madawa hayo. Na aliyeteleza, tumpe mkono.