Robert Wangila na Raundi ya Tisa

Marehemu Robert Napunyi Wangila alizaliwa jijini Nairobi, Kenya, mwezi wa Septemba 1967. Katika Michezo ya Afrika iliyofanyika jijini humo mwaka 1987 alitwaa medali ya dhahabu ya uzito wa welta, na mwaka uliofuata akapelekwa Seoul kwenye Michezo ya Olimpiki.

Huko alifika fainali, akakutana na Mfaransa Laurent Boudouani. Katika raundi ya pili alimwangusha, na pambano likaishia hapo. Boudouani hakuwa bondia wa kubezwa, kwani mwaka 1996 yeye mwenyewe alitawazwa bingwa wa dunia katika ngumi za kulipwa. Wangila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuipatia nchi ya Afrika dhahabu ya ndondi ya Olimpiki. Kenya imevuna dhahabu nyingi tangu mwaka 1968, lakini nyingine zote ni za riadha. Hii ya ngumi ingali peke yake.

Baadaye alihamia ngumi za kulipwa nchini Marekani. Hizo ni vita vya namna nyingine. Seoul walipigana raundi 3, wamevaa kofia za kinga. Katika ngumi za kulipwa pambano huweza kufika raundi 10 au 12, na kichwa ki wazi. Wangila alishinda mapambano 22, akashindwa 5, wala hakupata kuvaa mkanda wa ubingwa wa dunia.

La mwisho lilikuwa Las Vegas, tarehe 22 Julai 1994, dhidi ya David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa Joe Cortez alilisimamisha. Wangila, angali amesimama, alipinga uamuzi huo. Askari, aliyefunzwa kutii amri ya kurudi nyuma kama ile ya kusonga mbele, huenda akamshangaa. Lakini bondia ulingoni hana kamanda ila yule mgeni aliyevaa tai. Kwa maoni yetu refa alitenda haki, maana aliyelewa makonde hawezi kujipima mwenyewe.

Katika chumba cha kubadilishia nguo alizimia. Madaktari walimpasua kichwa bila mafanikio, akafariki tarehe 24, akiwa na umri wa miaka 26. Kigali ilikuwa imekombolewa tarehe 4 ya mwezi ule ule, na si ajabu kama habari hii iliwapita watu wa Kibagabaga, waliokuwa na misiba yao. Maiti ilirejeshwa Kenya kwa maziko.