Beryl Markham: Rubani Aliyeisoma Mito kutoka Angani

Wakazi wa Kibera wamezoea mngurumo wa ndege ndogo zinazopaa kutoka Uwanja wa Wilson. Nao wakazi wa Kawangware 46 hawako mbali na uwanja wa mbio za farasi ulio kando ya Barabara ya Ngong. Ni wachache mno wanaojua kuwa viwanja hivi viwili vinahifadhi, kila kimoja kwa namna yake, kumbukumbu ya mwanamke mmoja aliyeishi kwa farasi na kwa ndege. Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha yake kwa muhtasari.

Beryl Clutterbuck alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902, akaletwa Kenya angali mtoto mdogo. Baba yake alianzisha shamba Njoro, kwenye ukingo wa msitu wa Mau. Mama hakuyastahimili maisha ya huko. Alirejea Uingereza pamoja na mtoto wa kiume, akamwacha binti. Basi Beryl alilelewa na baba mwenye shughuli nyingi na, kwa hakika zaidi, na majirani Wakalenjin. Alijifunza lugha yao na Kiswahili, akarusha mkuki na kuwinda pamoja na mvulana aliyeitwa Kibii. Baba alipofilisika na kuhamia Peru, msichana huyu, ambaye hakuwa amefika miaka 20, alibaki nchini na kujipatia leseni ya kufunza farasi wa mashindano.

Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson aliasisi shirika la ndege la Wilson Airways jijini Nairobi. Rubani wake mkuu, Tom Campbell Black, ndiye aliyemfunza Beryl urubani. Mwaka 1931, wakati mwanafunzi huyo alipokuwa akijifunza kazi hiyo, rafiki yake Denys Finch Hatton alianguka na ndege yake Voi tarehe 14 Mei, akafa pamoja na mtumishi wake Kamau. (Vitabu vingi humlilia Denys kurasa kwa kurasa, Kamau hupewa nusu sentensi.) Msiba huo haukumzuia Beryl. Mwaka 1932 aliruka peke yake hadi Uingereza, akiufuata mto Naili juu ya kinamasi cha Sudd, mahali ambapo rubani akitua kwa dharura haoni nchi kavu bali mafunjo yasiyo na mwisho. Mwaka 1933 alipata leseni ya urubani wa kibiashara, mwanamke wa kwanza kuipata nchini Kenya.

Kazi yake ilikuwa kubeba barua, dawa na abiria, na pia kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Hapa ndipo alipoijua nchi ya Ukambani na Tsavo kuliko wengi waliokuwa na ramani: Athi, Tiva, nyanda za Yatta, mito mikavu yenye mchanga mweupe ambayo mvua ikinyesha hugeuka kuwa ukuta wa maji mekundu. Mafuriko yalipomzingira Bror Blixen na wenzake kati ya mito hiyo, ni Beryl aliyewafikia kwa ndege, baada ya watu waliokuwa nao, akiwemo msasi Mkamba Makula, kufyeka vichaka ili kupata njia ya kutulia. Kuhusu uwindaji wenyewe, msomaji wa leo ana haki ya kukunja uso.

Tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, akielekea magharibi juu ya Atlantiki, dhidi ya upepo. Baada ya saa zipatazo 20 injini ilikosa mafuta, naye akaangukia kwenye matope ya Nova Scotia, Kanada. Hakufika New York alikokusudia, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka bahari hiyo peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi bila kutua. Wiki mbili baadaye, Campbell Black alikufa katika ajali ya ndege huko Liverpool.

Mwaka 1942 alitoa kitabu cha kumbukumbu, West with the Night. Je, ni yeye aliyekiandika? Wapo wanaodai kuwa mwandishi halisi ni mume wake wa tatu, Raoul Schumacher. Mary Lovell, katika wasifu wa 1987, alimtetea Beryl. Errol Trzebinski, mwaka 1993, akampinga. Kwa maoni yangu, huenda mkono wa mume ulinyoosha sentensi, lakini macho yaliyoiona Njoro si ya mgeni. Swali lililo zito zaidi halijaulizwa vya kutosha. Kibii alirudi kumtumikia akiwa mtu mzima, jina lake arap Ruta, na kitabu kinaeleza jinsi rafiki wa utotoni alivyoanza kutembea nyuma yake badala ya kando yake. Tunamjua arap Ruta kwa kalamu ya bibi yake tu. Yeye hakuacha maandishi.

Beryl alirudi Kenya baada ya Vita vya Pili, akafunza farasi walioshinda Derby ya Kenya mara sita. Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, akiwa maskini, hadi kitabu kilipochapishwa upya mwaka 1983 na kumpatia kipato. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.