Bibi Rufaida na hema la wagonjwa katika Msikiti wa Mtume

KILA ifikapo Mei 12 dunia huadhimisha Siku ya Wauguzi. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo aliyozaliwa Florence Nightingale, mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1820 na kujulikana kwa kuwauguza askari majeruhi katika vita vya Crimea, alikokwenda mwaka 1854. Mama yule alifanya kazi kubwa, na si uadilifu kumnyima haki yake kwa sababu tu hakuwa Muislamu. Lakini mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, na kila nikiuliza darasani ni nani muuguzi mashuhuri katika historia, wanafunzi wanamtaja huyo. Mara chache sana nimesikia jina la Rufaida.

Rufaida bint Sa'ad (RA) alikuwa mwanamke wa kabila la Aslam aliyeishi Madina katika zama za Mtume (SAW). Waandishi wa sira wa zama zetu wanamtaja baba yake kuwa alikuwa tabibu, na kwamba kwake ndiko binti huyu alikojifunza kazi. Baadhi ya vitabu vya kale, kikiwemo cha Ibn Sa'ad, vinamtaja kwa jina la Ku'ayba bint Sa'ad, lakini habari ni ile ile: mwanamke wa Aslam aliyekuwa na hema katika Msikiti wa Mtume, akitibu wagonjwa na majeruhi.

Hebu tusimame hapo kidogo. Hema lile halikuwekwa pembezoni mwa mji wala nyuma ya nyumba za watu. Liliwekwa msikitini. Pale pale Waislamu waliposwali, walipofundishwa dini na walipopokea wageni wa dola yao, ndipo pia mgonjwa alipofungwa kidonda na kupewa maji. Leo tuna misikiti yenye mazulia mazuri na vipaza sauti vya nguvu, lakini mgonjwa wa mtaa ule ule hana anayemjua. Hatuwezi kusema kuwa huo ndio mfano tulioachiwa.

Jambo la pili ni kuhusu watu aliowahudumia. Ibn Is-haq anaeleza kuwa Rufaida alijitolea nafsi yake, kwa kutaraji malipo ya Mwenyezi Mungu, kuwahudumia Waislamu waliokuwa hawana wa kuwaangalia. Hawa ndio watu ambao katika hospitali zetu tunawaona hadi leo: hana ndugu wa kumletea uji, hana wa kumgeuza kitandani, hana wa kumfuatilia dawa. Rufaida hakusubiri aitwe na mwenye uwezo. Alianza na yule asiyekuwa na mtu.

Kisa chake kinachojulikana zaidi ni cha vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijriya, sawa na mwaka 627. Katika vita hivyo Sa'ad bin Muadh (RA), kiongozi wa kabila la Aus na mmoja wa nguzo za Ansari, alipigwa mshale uliokata mshipa mkubwa wa mkono. Damu ilimtoka nyingi. Mtume (SAW) akaamuru apelekwe katika hema la Rufaida lililokuwa msikitini ili apate kumtembelea kwa karibu.

Tuzingatie hapa. Sa'ad alikuwa na kabila zima nyuma yake, na kila nyumba ya Aus ingefurahi kumpokea. Hata hivyo alilazwa katika hema lile lile walilouguziwa wasiokuwa na mtu. Hapakuwa na hema la wakubwa na hema la wanyonge. Na kwa kumkabidhi Rufaida mtu mzito kama huyo, Mtume (SAW) aliuonesha umma kuwa kazi ya mwanamke huyu ni ya kuaminiwa.

Tena Mtume (SAW) hakumkabidhi mgonjwa akaondoka. Imepokewa kuwa alikuwa akipita kwa Sa'ad jioni akimuuliza ameshindaje, na asubuhi akimuuliza ameamkaje, naye Sa'ad akimueleza hali yake. Ni jambo dogo kwa kulisikia, lakini ndani yake mna somo zima la uuguzi. Mgonjwa anaulizwa, anaachwa aseme, anasikilizwa. Hakuna dawa iliyogharimika hapo, na hakuna mashine. Wataalamu wa leo wanafundisha vyuoni kuwa mgonjwa anayesikilizwa hueleza maumivu yake vizuri zaidi na hufuata matibabu kwa moyo mkunjufu. Mafunzo hayo tulikuwa nayo msikitini Madina.

Sa'ad hakupona. Baada ya kutoka kwenda kutoa hukumu katika kadhia ya Banu Quraydha, jeraha lake lilifumuka, damu ikatoka tena, akafariki dunia. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani kazi ya muuguzi ina thamani pale tu mgonjwa anapoinuka na kwenda kwao. Uhai na mauti viko mikononi mwa Mwenyezi Mungu (SW). Kilicho mikononi mwa muuguzi ni namna mtu anavyohudumiwa muda wote awapo kitandani: asafishwe kwa stara, asemeshwe kwa upole, asiachwe peke yake na hofu yake. Sa'ad aliyapata hayo mpaka siku zake za mwisho.

Miaka miwili baadaye, katika safari ya Khaybar mwaka wa 7 Hijriya, mwanamke huyu wa Aslam alitoka pamoja na jeshi. Imepokewa kuwa katika mgao wa ngawira alipewa fungu sawa na fungu la mwanamume. Kujitolea kwake kwa ajili ya Allah hakukufanywa sababu ya kuinyima kazi yake malipo. Hili walijue wamiliki wa zahanati na hospitali, wakiwemo Waislamu wenzetu, wanaowahimiza manesi wafanye kazi kwa ikhlasi na huku mishahara yao inacheleweshwa.

Wala Rufaida hakuwa peke yake. Umm Atiyya (RA) alitoka katika vita saba, akiwapikia wapiganaji, akitibu majeruhi na kuuguza wagonjwa. Rubayyi' bint Mu'awwidh (RA) alikuwa pamoja na wanawake wenzake wakinywesha maji na kutibu majeruhi. Imam Bukhari ameiweka habari yake katika mlango unaohusu mwanamume kumtibu mwanamke na mwanamke kumtibu mwanamume.

Nayasema haya kwa sababu kuna wazazi wa Kiislamu wanaomzuia binti aliyefaulu vizuri masomo ya sayansi asiende chuo cha uuguzi, wakidai kazi hiyo haimfai binti mwenye heshima zake. Wazazi hao hao, siku mama wa nyumba akishikwa na uchungu, wanahangaika wodini wakitafuta nesi wa kike, ikiwezekana mwenye hijabu. Atatoka wapi, ikiwa kila mmoja wetu amemfungia wake ndani? Tuhangaikie mazingira ya stara katika vyuo na mahospitali, na tudai haki hiyo pale inapokosekana, lakini tusiifunge njia waliyopita wanawake wa Madina mbele ya macho ya Mtume (SAW).

Na kwenu dada na kaka zetu mliomo wodini: tunajua wagonjwa ni wengi, vitanda havitoshi na usiku ni mrefu. Hata hivyo mama anayekemewa akiwa katika uchungu halisahau neno lile maisha yake yote, na mzee anayesalimiwa kwa jina lake naye hasahau. Kumsalimia mgonjwa na kumuuliza ameamkaje hakuongezi hata dakika moja katika zamu.

Huko Bahrain chuo kimoja cha tiba kimetoa tuzo ya uuguzi kwa jina la Rufaida. Sisi hatuna haja ya kusubiri tuzo. Madrasa zimsomeshe, makhatibu wamtaje kwenye mimbari, na kila msikiti uwe na kamati ya kuwatembelea wagonjwa wasiokuwa na ndugu. Mwenyezi Mungu amridhie Bibi Rufaida na awajaalie wauguzi wetu subira na ujira mwema.

Wabillahi tawfiq.