Sammy Wanjiru: Chali wa Nyahururu aliyepitia Kyoto kabla Beijing imjue

Kila Olimpiki ikikaribia, wasee huanza kubishana nani anafaa kuwa kwa timu ya marathon na nani ameonewa. Na kwa hizo stori, jina la Samuel Kamau Wanjiru halikosi. Wengi wanamkumbuka kwa ile asubuhi ya Beijing 2008. Lakini mambo yake yalianza mapema, na yalianzia mahali wengi hawajawahi kufikiria: mashindano ya shule za upili za Japan.

Sammy alizaliwa tarehe 10 Novemba 1986. Nyahururu, kwa wale hawajafika, ni tao ya baridi kavu iliyo zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, pale karibu na maporomoko ya Thomson. Ukitoka Nakuru kupitia Subukia, matatu ikipanda ile milima unasikia masikio yakiziba. Sasa fikiria kupiga mbio huko kila asubuhi ukiwa mtoto.

Kwao hakukuwa na doo. Alilelewa na mathe wake, Hannah Wanjiru, bila baba nyumbani, na ndio maana jina lililokuja kutajwa dunia nzima ni la mama. Mbio alianza akiwa bado mdogo kabisa. Shida haikuwa miguu, shida ilikuwa karo.

Hapa ndipo ngori ilikuwa. Enzi hizo mwanafunzi Mkenya aliyetaka kufika mashindano ya kitaifa alipanda ngazi moja baada ya nyingine: zoni, divisheni, wilaya, mkoa, halafu nationals. Kila hatua wachache wa mbele wanapita, wengine wanapanda lori la shule na kurudi nyumbani wakiimba ili kuficha machozi. Ni mfumo mzuri, na umetoa mabingwa kibao. Lakini una mlango mmoja mdogo: lazima uwe mwanafunzi. Ukifukuzwa karo, mbio zako zinaishia hapo, hata uwe na kasi ya swara.

Bahati ya Sammy ni kwamba shule za Japan zilikuwa tayari zinatafuta vijana Wakenya. Mwaka wa 2002, akiwa na miaka 15, alipanda ndege hadi Sendai kujiunga na shule ya upili ya Sendai Ikuei. Wengine walipitia njia ya Japan kabla yake. Douglas Wakiihuri alifanyia mazoezi huko kabla ya kuwa bingwa wa dunia wa marathon 1987, na Eric Wainaina naye alitokea huko akachukua shaba ya Olimpiki 1996 na fedha 2000. Tofauti ni kwamba Sammy alienda akiwa mtoto wa shule, hajui Kijapani hata neno, na alikuwa anaingia darasani kama wenzake.

Kule mbio kubwa za shule zinaitwa ekiden. Si kijiti wanapokezana, ni mshipi unaovaliwa begani. Kwa wavulana, timu ina wakimbiaji saba wanaogawana kilomita 42.195, yaani marathon nzima. Fainali ya taifa hufanyika Kyoto kila Desemba, inaonyeshwa kwa runinga, na watu hujipanga barabarani kama wanangoja rais apite.

Kufika Kyoto ndio kazi sasa. Japan ina mikoa 47, na enzi hizo kwa kawaida kila mkoa ulitoa timu moja ya wavulana. Moja tu. Shule zote za mkoa zilikutana kwa mchujo kabla ya baridi kuingia, na bingwa ndiye alibeba tiketi. Kwa kawaida hakukuwa na kupita kwa sababu ulikuwa na muda mzuri, wala ule utamu wa nambari mbili. Kwa mkoa wa Miyagi, ambako Sendai Ikuei iko, mwaka mzima wa kuamka alfajiri kwa theluji uliamuliwa asubuhi moja. Na ukivurunda, haujiumizi peke yako. Kuna wenzako sita waliobeba huo mshipi.

Halafu kuna sheria nyingine: timu haingeweza kupanga mgeni zaidi ya mmoja kwa mbio. Kwa hivyo hata Sammy angekuwa moto namna gani, angebaki mtu mmoja kati ya saba. Naona hapo ndipo wengi hukosea wakidhani shule ilinunua ushindi. Mkenya mmoja anaweza kufungua mwanya, lakini wale Wajapani sita ndio wanaulinda hadi mwisho.

Na mwanya aliufungua kweli. Sendai Ikuei walibeba taji la taifa 2003, wakarudia 2004. Mwaka huo wa 2004 Sammy alikimbia sehemu ya tatu, kilomita nane na kidogo, kwa dakika 22 na sekunde 40. Timu ikamaliza kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 32, rekodi ya mashindano iliyokaa hadi 2022. Miaka 18! Kuna watoto waliozaliwa na kupata kitambulisho rekodi ikiwa bado hapo.

Alipomaliza shule 2005 aliingia timu ya kampuni ya Toyota Kyushu, chini ya kocha Koichi Morishita, aliyekuwa amechukua fedha ya marathon Barcelona 1992. Mwaka huo huo dunia ikashtuka. Agosti, Brussels, mita 10,000 kwa 26:41.75, rekodi ya dunia ya vijana. Wiki mbili baadaye, Rotterdam, nusu marathon kwa 59:16, rekodi ya dunia ya watu wazima, na alikuwa na miaka 18. Kufikia Machi 2007 alikuwa ameishusha hadi 58:33. Desemba 2007 akajaribu marathon yake ya kwanza kule Fukuoka, akashinda.

Sasa ikaja Olimpiki, na hapa uteuzi ulikuwa mwingine kabisa. Wakati ule Riadha Kenya haikuandaa mbio za mchujo za marathon. Wakuu walikaa chini, wakaangalia muda na matokeo, wakachagua watatu. Sammy alikuwa ametoka London Aprili akiwa wa pili nyuma ya Martin Lel, kwa 2:05:24, na hiyo ilikuwa ngumu kupuuza. Timu iliyoanza Beijing ilikuwa Lel, Luke Kibet na yeye.

Tarehe 24 Agosti 2008, huku kwetu kukiwa bado usiku, mbio zilianza kwenye joto. Mazoea ya marathon ya Olimpiki ni kutegeana hadi mwisho. Sammy hakuwa na habari hizo. Aliwasha moto kutoka mwanzo, mmoja mmoja wakaachwa, na kilomita tano za mwisho hivi akamtoroka Jaouad Gharib wa Morocco. Muda: 2:06:32. Rekodi ya Olimpiki ilikuwa 2:09:21, ya Carlos Lopes tangu 1984. Alikuwa na miaka 21, na hiyo ndiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya kwa marathon ya Olimpiki.

Baada ya hapo doo ziliingia. London 2009, Chicago 2009, Chicago tena 2010 baada ya ile vita na Tsegaye Kebede ya kukatana hadi mita za mwisho, akiwa hata hakuwa fiti. Mara mbili alibeba dola 500,000 za bingwa wa msururu wa marathon kubwa. Kwa kijana aliyekosa karo, hizo ni pesa za kizunguzungu, na nyumbani mambo yakaanza kuharibika. Desemba 2010 alishtakiwa kortini kwa madai ya kumtishia mkewe na kuwa na bunduki kinyume cha sheria. Aliyakana.

Usiku wa 15 Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu, akafariki. Alikuwa na miaka 24. Polisi na familia hawakukubaliana kuhusu kilichotokea, na kesi ikachelewesha mazishi hadi Juni.

Kule Japan, kuanzia 2008, mwaka ule ule wa dhahabu yake, wanafunzi wa kigeni walizuiwa kukimbia sehemu ya kwanza ya ekiden ya wavulana, kwa sababu walikuwa wanaacha wenzao mbali sana mapema. Rekodi yake ya Beijing ilikaa hadi Paris 2024, Tamirat Tola wa Ethiopia alipoipunguza kwa sekunde sita.