Jayavarman wa Saba: Mfalme Aliyeumwa na Ugonjwa wa Raia Zake

Huko Kambodia, kaskazini mwa ziwa Tonle Sap, yapo magofu ya Angkor, uliokuwa mji mkuu wa Wakhmer tangu karne ya 9 hadi karne ya 15. Wengi wetu tumeona picha za Angkor Wat, hekalu kubwa lililojengwa na mfalme Suryavarman wa Pili katika karne ya 12. Lakini aliyejenga kuliko wafalme wote wa Angkor ni Jayavarman wa Saba.

Alizaliwa katika ukoo wa kifalme. Wafalme wengi waliomtangulia walimwabudu Shiva au Vishnu, bali yeye alifuata dini ya Budha. Alikuwa ugenini katika ufalme wa Champa, ambao leo ni sehemu ya Vietnam, alipopata habari kwamba kiti cha enzi cha kwao kimenyakuliwa. Alirudi upesi, lakini akachelewa. Mkewe, Jayarajadevi, alikuwa akimngoja kwa sala na kujinyima. Baada ya hapo Jayavarman alikaa miaka mingi bila madaraka.

Mwaka 1177, kama historia inavyosimuliwa, Wacham waliuvamia mji na kuupora. Jayavarman aliwakusanya watu, akawafukuza wavamizi, na mwaka 1181 akatawazwa. Hakuwa kijana tena, na alijenga kama mtu anayejua kwamba siku zake ni chache.

Hekalu la Ta Prohm aliliweka wakfu mwaka 1186 kwa heshima ya mama yake. Lile la Preah Khan lilifuata mwaka 1191 kwa heshima ya baba yake. Aliuzungushia mji mpya wa Angkor Thom ukuta wenye urefu wa kilomita 3 hivi kila upande, na katikati akajenga Bayon, hekalu ambalo minara yake ina nyuso kubwa za mawe zenye tabasamu. Kwenye kuta zake hazikuchongwa vita tu. Wamo pia wauzaji sokoni, wapishi na watu wanaopiganisha majogoo.

Zaidi ya hayo, maandishi ya mawe ya wakati wake yanataja hospitali 102 katika ufalme mzima. Watu wa matabaka yote walitibiwa humo, na dawa kama asali, kafuri na ufuta zilitoka katika ghala la mfalme. Maandishi hayo yanaeleza kwamba magonjwa ya raia yalimuuma mfalme kuliko magonjwa yake mwenyewe.

Jayarajadevi alipofariki, mfalme alimwoa dada yake mkubwa, Indradevi, mwanamke msomi aliyewafundisha watawa wa Kibudha. Ndiye aliyetunga kwa Kisanskriti maandishi yanayosimulia maisha ya mdogo wake.

Hata hivyo, mawe hayohayo yanatunza hesabu nyingine. Hekalu la Ta Prohm peke yake lilihudumiwa na watu 79,365 kutoka vijiji 3,140. Hao ndio waliolima mpunga wa hekalu na kulitumikia, na karibu wote hatuyajui majina yao. Mfalme aliyewahurumia wagonjwa aliwatwisha wazima mzigo mzito.

Alifariki mnamo mwaka 1218. Baada yake hakuna mfalme wa Angkor aliyejenga tena kwa kiasi hicho. Katika karne hiyohiyo, walioirudia ibada ya Shiva walizifuta kwa patasi sanamu nyingi za Budha katika mahekalu yake. Majengo ya hospitali yalikuwa ya mbao, yakaoza. Mwaka 1586 António da Madalena, Mkapuchini kutoka Ureno, alifika Angkor na kustaajabia mji uliomezwa na msitu.

Katika masomo ya maadili tunajifunza kwamba nia njema peke yake haitoshi; lazima tuangalie pia njia tunayotumia na yule anayelipa gharama. Sioni sababu ya kuutilia shaka moyo wa Jayavarman kwa wagonjwa. Lakini ninapoisoma ile hesabu ya watu 79,365, nawafikiria waumini ambao siku moja nitasimama mbele yao kuomba michango ya ujenzi. Kabla ya kuanza kujenga, naomba nikumbuke kuuliza ni nani atakayebeba mawe, na nyumbani kwake atakuwa ameacha nini.