Blaise Pascal na Fedha za Mchezo

Blaise Pascal alizaliwa mwaka 1623 katika mji wa Clermont, nchi ya Ufaransa. Mama yake alikufa yeye angali mdogo, na baba yake akamfundisha mwenyewe nyumbani. Lakini baba alitaka ajue kwanza lugha za kale, akamkataza jiometri. Dada yake alisimulia kwamba siku moja baba alimkuta akichora sakafuni kwa makaa, akijitafutia peke yake mambo ya pembetatu. Hapo baba akashindwa, akampa kitabu.

Baadaye baba akawekwa kusimamia kodi huko Rouen, akawa akikesha kwa hesabu. Pascal akamhurumia, na kabla hajatimiza miaka 20 akaanza kutengeneza mashine ya magurudumu yenye meno, iwezayo kujumlisha na kutoa.

Mwaka 1654 aliulizwa swali la zamani. Watu wawili wanacheza. Kila mmoja ameweka vipande 32 vya dhahabu, na atakayetangulia kushinda mara tatu atatwaa vyote 64. Wa kwanza ameshinda mara mbili, wa pili mara moja, kisha wanalazimika kuacha. Wagawane vipi?

Wengi hujibu upesi kwamba wa kwanza apewe theluthi mbili. Hata Luca Pacioli, mwalimu mashuhuri wa Italia, alifundisha mwaka 1494 kugawa kwa kadiri ya michezo iliyokwisha kushindwa. Pascal akaona kwamba yafaa kutazama michezo iliyosalia. Wakicheza mara moja tena, wa kwanza akishinda atatwaa vyote 64. Akishindwa watakuwa sawasawa, naye atapata 32. Basi 32 ni vyake kwa vyovyote. Vile 32 vingine huenda vikawa vyake, huenda vikawa vya mwenzake, wala hakuna aliyemzidi mwenziwe. Basi vikatwe nusu. Wa kwanza apate 48, yaani robo tatu, na wa pili 16.

Akamwandikia Pierre de Fermat, hakimu wa Toulouse. Fermat alikuwa na njia nyingine: kuhesabu namna zote ambazo michezo iliyosalia yaweza kumalizika. Hapa ni michezo miwili, namna 4, na 3 katika hizo humpa ushindi wa kwanza. Ni robo tatu vilevile! Pascal akafurahi mno.

Mwaka 1660 Fermat aliomba waonane. Pascal alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea bila fimbo wala kupanda farasi, akakataa kwa huzuni. Alikufa Paris tarehe 19 Agosti 1662, mwenye miaka 39.