Tokugawa Ieyasu, bwana wa dhahabu aliyelaza chai mlimani

Hapa kwetu Mutwanga chai ni majani meusi, maji ya moto kabisa na sukari mingi, njo mtu apate nguvu ya kushuka shimoni. Kule Japani majani ni ya kijani, sukari haiguswi, na chai nyingine inalazwa miezi mingi mbele ya kunywewa. Ile desturi ya kulaza chai inatajwa sana pamoja na mtu mmoja ambaye alikuwa pia bwana wa machimbo: Tokugawa Ieyasu.

Alizaliwa mwaka wa 1543 huko Okazaki, mtoto wa chifu mdogo aliyebanwa na majirani wakubwa. Angali mtoto kabisa, baba yake akamtoa kama rehani. Njiani akanyang'anywa na adui. Kiisha akapelekwa Sunpu, mji wa ukoo wa Imagawa, akakomalia pale. Mtoto wa rehani anajifunza mapema kunyamaza na kungoja. Lakini tusimpake mafuta: mwaka wa 1579 aliamuru mke wake auawe na mwana wake mkubwa, Nobuyasu, ajiue, juu walishukiwa kupatana na adui.

Mwaka wa 1600 alishinda vita kubwa ya Sekigahara, na mwaka wa 1603 akakuwa shoguni, mkubwa wa majeshi yote. Miaka miwili tu, akamwachia mwana wake Hidetada kile cheo. Mwaka wa 1607 akarudi kuishi Sunpu, mji ule ule wa utoto wake. Kweli, amri ilibaki mikononi mwake.

Nguvu yake ilitoka pia chini ya udongo. Kisha Sekigahara alikamata machimbo ya fedha ya Iwami, na dhahabu ya kisiwa cha Sado ikawa yake. Kule Iwami mchimbaji mmoja, Yasuhara Denbei, alipata mshipa tajiri sana, akamtolea Ieyasu fedha mingi ajabu. Ieyasu akamzawadia vazi. Lile vazi lingali limetunzwa mpaka leo. Wachimbaji wetu watasema: nguo moja kwa mlima wa fedha? Sina jibu.

Msimamizi wake wa machimbo alikuwa Okubo Nagayasu, mtoto wa mcheza maigizo, mwenye akili kali ya kuongeza mapato. Alipokufa mwaka wa 1613 walisema ameficha mali ya bwana wake. Yeye alikuwa amekwisha kufa; wana wake saba njo waliolipa, wote wakauawa. Hapo Ieyasu hakungoja hata kidogo.

Kwa chai, kinyume, alikuwa na subira. Mto Abe unapita karibu na Sunpu. Kule juu, Umegashima, watu walichimba dhahabu. Kwenye miteremko ya bonde lile lile walilima chai. Majani yalichumwa mwanzo wa joto, yakapigwa na mvuke ili yabaki kijani, yakakaushwa na kutiwa ndani ya mitungi iliyozibwa vizuri. Kule bondeni miezi ya joto na unyevu inaharibu chai upesi. Basi Ieyasu alituma mitungi ipande mpaka milima ya Ikawa, pahali pa baridi, ikalala ndani ya ghala. Majira ya baridi yakikaribia, ilishushwa Sunpu, ikafunguliwa. Majani yalisagwa kwenye jiwe yakawa unga, unga ukapigwa ndani ya maji ya moto kwa fagio dogo la mwanzi. Chai iliyolala inapoteza ile harufu ya majani mabichi, ukali unapungua, ladha inabaki imetulia ulimini. Sisi wenye kuishi chini ya Ruwenzori tunajua mlima unavyotunza baridi. Kazi hii tungeiweza.

Ieyasu alikufa Sunpu mwaka wa 1616, akazikwa mlima wa Kuno, na mwaka uliofuata akahamishiwa Nikko. Sunpu leo inaitwa Shizuoka, na watu wake wangali wanashusha mitungi kutoka Ikawa mpaka hekalu la Kuno, wamevaa nguo za zamani.

Siku hizi mingi ya chai iliyolala inanywewa majani, haisagwi. Ukipewa kidogo na msafiri, usiimwagie maji yenye kuchemka, itakuwa chungu. Chemsha maji, yatie kwanza kwenye kikombe, ngoja mpaka mkono uweze kushika kikombe bila kuungua. Tia majani vijiko viwili vidogo kwenye birika ndogo, mwaga yale maji, ngoja dakika moja na nusu, mimina mpaka tone la mwisho. Majani yale yale yanakubali maji mara ya pili na ya tatu. Safari hizo maji yawe moto zaidi kidogo, na kungoja kunakuwa kufupi.